Mkuu usifomati hiyo ekstenal, utakuja kulia

Usifomati. Hata haya maelezo usiyasome kwanza. Chomoa hiyo ekstenal, yaani diski yako ya nje, kwa utaratibu, iweke mezani, ndiyo urudi.

Umechomoa? Haya.

Umesema ekstenal ya TB 1 yenye kazi za wateja ilikuwa inasoma vizuri, sasa ukiipachika Windows inaleta kidirisha kwamba lazima uifomati ndipo uitumie. Umeuliza pia kwa nini laptopu yako inazima chaji ikifika asilimia 30, na flashi gani ununue isiyo feki. Hayo mawili tuyaache kwanza. Kilichonipandisha presha ni mdau hapo juu aliyekujibu kwa kujiamini kabisa: "piga fomati ya haraka, kisha chkdsk /r, kisha weka programu ya kurudisha mafaili, kazi imeisha." Hiyo chkdsk ni amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Na wewe ukamjibu "asante mkuu, usiku huu nafanya." Kweli kazi itaisha, na wateja wako nao wataisha.

Mimi napiga picha na video za harusi Morogoro. Ekstenal yangu haikufika hata kwenye kuomba fomati. Mtoto wa dada alijikwaa kwenye waya nikiwa nahamisha mafaili, ikadondoka sakafuni huku inazunguka. Nilipoipachika tena, folda za harusi moja zikawa haziguswi: Windows inasema faili au folda imeharibika na haisomeki. Nyingine zilifunguka, ila kwa kujivuta. Wakuu, pale kila kitu kilikuwa bado kinaokoleka. Ningenunua diski nyingine, nikanakili kilichopo, nikalala. Badala yake nikaingia mtandaoni nikamwamini jamaa mmoja wa video, ana muziki wa fujo na mshale mwekundu, anayeahidi kuponya diski yoyote kwa mstari mmoja tu: chkdsk E: /f /r. Dakika nzima kaitumia kuniomba nimfuate kwenye kurasa zake. Kusema kwamba amri hiyo inaandika na kufuta ndani ya diski, sekunde moja hakuwa nayo.

Nielewe vizuri hapa. Chkdsk haikutengenezwa kuokoa mafaili yako. Kazi yake ni kuhakikisha mpangilio wa diski haujipingi, basi. Ni kama mgambo wa jiji anaposafisha barabara: akishaondoka magari yanapita vizuri kweli, lakini meza yako ya nyanya usimuulize. Kwenye NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski, kuna jedwali linaloitwa MFT, ndilo linalotunza jina la kila faili na mahali vipande vyake vilipo. Chkdsk ikikuta rekodi isiyoeleweka inaikata. Vipande vilivyobaki bila mwenyewe inavitupa kwenye folda iliyofichwa, found.000, vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Harusi ya mtu inakuwa FILE0000.CHK! Mpelekee mama mkwe hiyo kwenye flashi yenye utepe.

Na hiyo /r ndiyo kiboko. Inaisoma diski nzima, sekta kwa sekta (vile vipande vidogo vya kuhifadhia), mpaka zile zisizo na kitu, na kwenye sekta mbovu inarudia na kurudia. Diski nzima kiafya itavumilia saa kadhaa. Diski iliyodondoka, ambayo huenda kichwa chake cha kusomea kimeshaumia, unailazimisha ifanye kazi ngumu kuliko zote siku ambayo ina nguvu kidogo kuliko zote. Niliiacha usiku kucha, nikajisifu kabisa kwamba mimi na mafundi basi. Asubuhi imekwama hatua ya 4 kati ya 5 na diski inalia tik, tik, tik.

Nikaipeleka kwa fundi, simtaji, bado tunasalimiana. Ikawa inakuja na kupotea. Ilipokuja, akaifomati, akaendesha programu ya kurudisha mafaili, na yanayopatikana akayahifadhi humo humo kwenye E. Nikamuuliza mbona unahifadhia humo humo? Akanijibu, "ina nafasi kubwa bosi." Ina nafasi kubwa kwa sababu umeifuta, ndugu yangu! Kila faili iliyorudi ilikuwa inakalia nyingine ambayo bado haijarudi.

Tulichovuna ni video zenye majina ya namba ambazo hazifunguki. Sababu niliijua baadaye: faili ya MP4 ina sehemu ya maelezo inayoiambia programu picha na sauti ziko wapi, na kamera nyingi huiandika mwishoni mwa faili. Ukipata mwili wa video bila sehemu hiyo, haichezi. Faili kubwa nayo mara nyingi imekaa vipande vipande kwenye diski, jedwali likishavurugwa hakuna anayejua kipande kipi kinafuata kipi. Picha za kawaida zilirudi kiasi, hasa za kamati wakiwa wanakula. Kamati ilipona vizuri sana. Kadi za kamera nilishazitumia kwenye harusi iliyofuata, kwa hiyo huko usiniulize. Mama mzazi wa bibi harusi alinidai kwa sauti ambayo nadhani Msamvu stendi waliisikia. Nilirudisha hela yote, pamoja na ya albamu.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na mdau wa juu aisome mara mbili: diski yenye matatizo haiandikwi kitu. Inanakiliwa nzima, kisha majaribio yote unayafanyia kwenye nakala. Ukikosea, unatengeneza nakala nyingine.

Utafanyaje? Badilisha waya kwanza na uchomeke tundu jingine la USB, la nyuma kama ni kompyuta ya mezani, bila kupitia kigawanyishi. Usicheke, waya mchovu unaweza kuleta hayo hayo. Windows ikijitolea kuikagua na kuirekebisha, kataa. Wala usiwashe kompyuta ikiwa imepachikwa, maana inaweza kuanza chkdsk yenyewe wakati wa kuwaka. Angalia kwenye Disk Management, sehemu ya Windows inayoorodhesha diski: ukubwa unaonekana sawa lakini imeandikwa RAW, yaani Windows haiutambui mpangilio wake? Hapo kuna matumaini makubwa. Ikionyesha sifuri au haionekani kabisa, mara nyingi tatizo liko kwenye vyuma. Fungua na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari ya 05, C5 na C6. C5 ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, kuna sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma, kwa hiyo acha kuipachika pachika ili "kuona kama imekaa sawa".

Kunakili: tafuta diski nyingine kubwa kuliko hiyo, yenye nafasi tupu zaidi ya TB 1, iliyofomatiwa kwa NTFS au exFAT, si mfumo wa FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili ya kufikia GB 4. Weka SystemRescue, Linux ya dharura, kwenye flashi, washa kompyuta kwa hiyo flashi, na ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, imo tayari. Andika lsblk ujue ipi ni ipi. Tuseme mbovu ni sdb na ile nzima umeiunganisha kwenye /mnt/nzima:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nzima/diski.img /mnt/nzima/diski.map

Hiyo inabeba kwanza vinavyosomeka kwa urahisi, bila kung'ang'ania pabovu. Ikimaliza, rudia mstari ule ule, ila badala ya -n weka -r3, ndiyo irudi kwenye sehemu ngumu. Ile faili ya map usiifute, ndiyo inayokumbuka ilipofikia hata umeme ukikatika. Na mbovu inatajwa KWANZA, nzima baadaye. Ukigeuza, uje tuanzishe uzi wa rambirambi.

Ukishapata diski.img, ndiyo nakala yako, fungua TestDisk, programu ya kurudisha patisheni na mafaili, juu yake. NTFS huwa na nakala ya sekta ya kuanzia mwishoni mwa patisheni, na mara nyingi TestDisk inakuonyesha folda zako zote na majina yake, unazinakili. Ikishindikana ndiyo unaenda PhotoRec, inayookota mafaili kwa alama zake bila kujali majina. Zote mbili ni bure, usimlipe mtu wa "toleo la pro lililovunjwa".

Na kwa nini nimekataza fomati ya haraka wakati wanasema "haifuti"? Kweli haifuti kila kitu, lakini inaandika MFT mpya, na majina yako yalikuwa kwenye ile ya zamani. Ukisahau kuacha tiki ya haraka, basi tangu Windows Vista fomati kamili inaandika sifuri diski nzima. Hapo hata mimi sina la kukwambia.

Mdau atakuja kusema chkdsk imemsaidia mara nyingi. Sawa, kwenye flashi ya kupelekea CV stationery, hata mimi naitumia. Kazi za wateja ni habari nyingine.

Ikiwa inalia tik tik, yote hayo ya ddrescue acha, izime. Usiifungue kuangalia ndani, kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, vumbi moja linatosha. Na yule wa kukwambia uiweke kwenye friza asikusogelee.

Sasa nijibu, mkuu: ukiipachika inalia au iko kimya? Na Disk Management inaonyesha GB ngapi? Nasubiri hapa hapa, na hiyo mausi uiache.