Hongera yangu imetua msibani, nitoke kwenye grupu?

*Shangazi, shikamoo. Grupu la WhatsApp la ukoo wa mume wangu lina watu 86. Saa mbili usiku wifi aliweka matokeo ya mwanawe ya kidato cha nne, nikaandika: "Hongera sana, tulikuwa tunaisubiri kwa hamu!" Mtandao ulikuwa unasumbua. Meseji ilipoenda, baba mkubwa alikuwa ameshatangaza kwamba babu ametutoka, hongera yangu ikakaa chini ya msiba. Niligundua asubuhi, nikaifuta bila kusema neno. Tumeshazika, lakini mama mkwe hanisemeshi, na nasikia kuna aliyepiga skrinishoti. Nitoke kimyakimya?*
*Mkaza mwana, Mwanza*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Usitoke. Kimyakimya yenyewe haipo. Ni kweli taarifa ya kutoka huwafikia maadmini tu, lakini mwanagrupu yeyote akifungua taarifa za grupu anaweza kuona majina ya waliotoka ndani ya siku 60. Utakuwa umeongeza kesi juu ya kesi.

Kilichokuponza kwanza ni kutoifunga hongera yako kwenye meseji ya wifi. Meseji ikikosa mtandao hukaa na kialama cha saa. Mtandao ukirudi inaondoka, na kwenye simu za wenzio inatua chini ya zilizowahi. Kwako inaweza kuonekana palepale ulipoiandika, ndiyo maana ukalala fofofo. Ungeitelezesha meseji ya wifi kulia kwa kidole, ikatokea juu ya kisanduku cha kuandikia, kisha ukaandika, hongera ingetua hata katikati ya vilio na kila mtu angejua ni ya matokeo. Kwenye grupu la watu 86 fanya hivyo kila mara, hata kwa "sawa" tupu.

La pili ndilo lililouma zaidi: kufuta. Ukifuta kwa wote, panabaki jina lako na maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Aliyeisoma anaona unaficha jambo, asiyeisoma anaenda kuuliza. Kuhariri nako kunaruhusiwa ndani ya dakika 15 tu tangu kutuma, hivyo asubuhi ilikuwa imeshapita. Ilitakiwa uiache ilivyo, uitelezeshe hiyohiyo ya kwako, ujieleze chini yake.

Sasa anza na wafiwa wenyewe, yaani baba mkwe na kaka yake aliyetangaza. Mama mkwe amekukasirikia kwa niaba yao. Mumeo ampigie baba mkubwa, atangulie kuongea, kisha akupe simu. Isiwe meseji ya sauti, maana hiyo husambazwa. Sema: "Shikamoo baba. Ile hongera ilikuwa ya matokeo ya mtoto wa wifi, mtandao ukaichelewesha. Nikaifuta kwa hofu badala ya kuwaeleza. Naomba mnisamehe." Basi, hadithi za bando kuisha ziache. Kwa wakwe zako nendeni wenyewe kama kunafikika, kabla ya arobaini.

Wakishakupokea, ndipo urudi grupuni. Panda juu mpaka kwenye matokeo, yatelezeshe, uandike: "Hongera yangu ya siku ile ilikuwa ya haya. Wazee wangu, naomba radhi kwa kuwaumiza." Iandike mara moja tu. Watakaokujibu usiwajibu mmoja mmoja, maana kila jibu linairudisha habari juu upya. Bana meseji zao, uwawekee alama ya mikono miwili iliyounganishwa. (Alama hizo zinafaa kwa shukrani. Kwenye tangazo la msiba andika pole kwa maneno. Kidole gumba juu ya "babu ametutoka" ni balaa jingine.)

Wifi mpongeze tena pembeni. Hongera ya mwanawe imeharibika bila yeye kuwa na kosa lolote.

Aliyepiga skrinishoti usimtafute, wala usimtumie mtu meseji ya siri kumuulizia. Hiyo nayo itapigwa skrinishoti.