Muvi za nje zisizo za Kiingereza: ninazozikubali na zinazonikera

Mkuu, umeuliza muvi za nje zisizo za Kiingereza, ipi inafaa kutazamwa na ipi inasifiwa bure, na ukasema kabisa kwamba zinazokwenda polepole zinakuchosha. Mi hizi nazitazama miaka mingi sasa, za Iran, Japani, Korea, Senegali, Italia, Brazili, popote, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu ila ni maoni yangu tu, mwenye yake tofauti aje nayo. Kipimo changu nikuambie mapema ili unielewe: siangalii kwanza ina tuzo ngapi wala ina ngumi ngapi, naangalia dairekta anamchukuliaje mtu anayemuonyesha. Kama mhusika ni maskini, je, kapewa akili, kiburi, utani na ujanja wake, au kaanikwa tu pale ili tumuonee huruma halafu tukalale? Muvi nyingi zinazosifiwa sana zinaangukia hapo pa pili na ndo zinanikera.

Naanza na Children of Heaven ya Iran, ya mwaka 1997, dairekta ni Majid Majidi. Stori yake ukiihadithia inaonekana haina kitu: kijana mdogo anaitwa Ali anapoteza viatu vya dada yake Zahra, nyumbani hakuna hela ya kununua vingine, wanaamua kuwaficha wazazi na kuchangia jozi moja ya raba za Ali, dada anavaa asubuhi kwenda shule, akitoka anakimbia kumkabidhi kaka yake barabarani naye akimbie kuwahi zamu ya mchana. Basi. Lakini utakaa roho mkononi kuliko muvi ya majambazi! Kuna siku kiatu kinamponyoka Zahra kinaangukia kwenye mfereji wa maji, maji yanakichukua na yeye anakimbia nacho sambamba, kinaingia chini ya karavati, aisee nilikuwa nimesimama kabisa. Halafu kuna kipande ambacho ndo nakiona kimebeba muvi nzima: Zahra anaviona viatu vyake miguuni mwa binti mwingine shuleni, anamfuatilia, anarudi na kaka yake wamejiandaa kabisa kudai haki yao, wanachungulia wanamkuta yule binti anamtoa baba yake nje akimshika mkono na baba ni kipofu. Hawasemi neno, wanatazamana, wanageuka wanaondoka. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie na hakuna mtu mzima anayekuja kutoa hotuba, ni watoto wawili wenyewe wameamua kwamba yule ana shida kuliko sisi. Hiyo ndo heshima ninayoizungumzia. Wewe unayekimbia za polepole anza na hii, maana ni saa moja na nusu hivi tu na karibu muda wote kuna mtu anakimbia.

Ukishaipenda hiyo ndo urudi nyuma kwa babu yao, Bicycle Thieves ya Italia, mwaka 1948, ya Vittorio De Sica. Jamaa kapata kazi ya kubandika mabango Roma baada ya vita ila lazima awe na baiskeli, mke wake anavua mashuka kitandani kwenda kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe, na siku ya kwanza tu kazini inaibiwa. Aliyecheza baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na unaliona hilo kwenye mwendo wake. Angalia pale rehani: mfanyakazi wa duka la rehani anabeba furushi la mashuka yao anapanda nalo kwenye rafu, anapanda, anaendelea kupanda, na kote huko juu kumejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Ni sekunde chache tu na umeshajua kwamba mji mzima unalala bila mashuka. Mwisho wake siutoboi, ila nasema hivi, sijaona muvi nyingine inayokuonyesha mtu mwema akifika mahali pa kuiba na ukamwelewa kila hatua, na mtoto wake yupo pale pale anaona.

Parasite najua umeiona au umeisikia, ya Bong Joon-ho, 2019, ilibeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na mwaka uliofuata ikazoa Oscar nne pamoja na ile ya filamu bora, na hakuna muvi isiyo ya Kiingereza iliyowahi kuichukua hiyo kabla yake. Wengi wanaikumbuka kwa vurugu za mwisho. Mi nakumbuka asubuhi baada ya mvua, ile familia imelala kwenye ukumbi wa michezo na waliokumbwa na mafuriko, maji machafu yamewajaa nyumbani, halafu mama tajiri yuko kwenye gari anaongea na simu kwamba mvua imekuwa baraka, anga imetakata, na dereva aliyelala ukumbini ndo huyo huyo anamwendesha na anasikia kila kitu. Yule mama wala si mtu mbaya ndo maana inauma. Na wale maskini ni waongo, wajanja, wanaweza hata kukanyaga maskini wenzao, hawajapakwa asali. Hii haichoshi hata dakika moja, ukisema hii nayo iko polepole nitashindwa kukusaidia.

Oldboy, Korea pia, 2003, ya jamaa anayetafuta kisasi, naona wengi wanaipendekeza kama ndo kilele. Ule ugomvi wa kwenye korido na nyundo uliopigwa kwa mkupuo mmoja kamera ikiwa pembeni ni kitu cha kufundishia, jamaa anapigana mpaka anachoka, anapumua, anaegemea ukuta, unaamini kabisa ni mwili wa mtu. Ila siri inayofichuliwa mwishoni siipendi, naona imetengenezwa kushtua tu na yule binti kageuzwa kifaa cha kisasi cha wanaume wawili. Mara moja inatosha.

Sasa tukija A Separation, ya Iran tena, ya Asghar Farhadi, 2011, Oscar ya filamu ya kigeni ilipata mwaka 2012. Hapa niruhusu niongee kidogo maana naiona ndo muvi bora ya karne hii mpaka sasa. Mke anataka kuhama nchi na binti yao, mume hawezi kumwacha baba yake mgonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mke anahamia kwao, mume anaajiri mwanamke wa kumtunza mzee, siku moja wanagombana mlangoni, anamsukuma atoke, mimba inaharibika, kesi. Ukisikiliza upande huu unasema hawa ndo wenye haki, ukisikiliza ule unahama, ukirudi unahama tena, na kila mtu ana sababu ambayo hata wewe ungekuwa nayo. Yule mwanamke ni mcha Mungu kweli kweli, mzee akijikojolea anapiga simu kuulizia kama si dhambi kumbadilisha nguo, na haoneshwi kama mjinga hata kidogo, anaoneshwa kama mtu anayetaka kufanya kazi yake na kubaki safi. Halafu mume, Nader, kuna mahali wako kituo cha mafuta anamwambia binti yake ashuke ajaze mwenyewe, binti anarudi chenji imeachwa kwa mhudumu, baba anamrudisha akaidai. Anamfundisha asimame kwenye haki yake. Mbele huko huyo huyo binti anajikuta mbele ya hakimu anadanganya kwa ajili ya baba huyo huyo, na sura yake ndani ya gari baada ya hapo, jamani. Niliitazama na watu wa nyumbani tukabishana mpaka usiku nani mkosaji, na mama yangu na shangazi ambao kwa kawaida wanakubaliana kila kitu siku hiyo walikuwa pande mbili tofauti kabisa. Watu wanaongea tu mwanzo mwisho lakini ina presha kama ya mechi ya fainali, kwa hiyo usiogope.

Za Afrika wengi wanaziruka na inaniuma sana. La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, 1966, inakaribia saa moja tu, haikuibii muda. Sembène alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa vitabu, halafu akaingia kwenye filamu kwa sababu alitaka kuwafikia watu wake wasiosoma. Binti anaitwa Diouana anatoka Dakar kwenda Ufaransa akidhani anaenda kulea watoto, anafika anakuta ni kupika, kufua na kupangusa, mji anauona dirishani tu. Anayoyasema kwa mdomo ni machache, ila sauti ya mawazo yake tunaisikia muda wote na humo ndani ana hasira, ana akili, anawachambua wale waajiri mmoja mmoja. Ndo maana naiweka juu ya Roma ya Alfonso Cuarón ya 2018, nayo ni ya mfanyakazi wa ndani, Mexico, nyeusi na nyeupe, picha kali ajabu na yule Yalitza Aparicio ambaye hakuwahi kuigiza kabla kafanya kazi nzuri mno, kile kipande cha mawimbi baharini kinakushika koo. Lakini muvi nzima Cleo anawaza nini? Anapenda nini mbali na hiyo familia? Kamera inamtazama kwa mapenzi ya mtoto aliyelelewa naye na inabaki hapo. Diouana namjua, Cleo namuona tu. Najua wapenzi wa Roma watanijia juu, waje.

Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, 2014, nayo iwekwe kwenye orodha yako japo iko taratibu kiasi. Wenye silaha wameuteka mji huo wa Mali, muziki marufuku, mpira marufuku, vijana wanacheza mechi bila mpira, wanapiga pasi za hewani, kipa anaruka, wanashangilia goli, na wakiona pikipiki ya wale jamaa inakuja wanajifanya wako mazoezini wananyoosha viungo. Kipande hicho peke yake kinazidi muvi nzima nyingi za vita nilizotazama. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hata wale wenye silaha ni watu, mmoja anajificha kuvuta sigara, wengine wanabishana kuhusu mastaa wa soka, na hilo halipunguzi ubaya wao, linauongeza.

Ukipenda vurugu zenye akili, The Battle of Algiers, 1966, kuhusu Waalgeria na Wafaransa. Inafanana na habari za televisheni za wakati ule mpaka unadhani ni matukio halisi, lakini kila picha iliigizwa, na karibu wote waliomo ni watu wa kawaida, hata Saadi Yacef aliyekuwa kamanda wa wapigania uhuru kwenye mapambano yenyewe kacheza humo. Inawaunga mkono Waalgeria bila kuficha, ila mwanamke anapokwenda kutega bomu kwenye baa kamera inatulia kwenye sura za wanaoenda kufa, mpaka mtoto anayelamba aiskrimu. Dairekta mwoga angekikata hicho kipande.

City of God ya Brazili, 2002, hapa nina mgogoro nayo. Imechangamka, imehaririwa kwa kasi, haina dakika inayolala, ndo maana kila mtu anaipenda, na watoto wengi wa humo walitoka mitaa kama ile. Ila kasi hiyo hiyo inafanya vifo vipite kama burudani, watu wanaanguka na muziki unaendelea. Isipokuwa pale watoto wawili wanaambiwa wachague kupigwa risasi mkononi au mguuni, pale muvi inasimama, na yule mdogo analia kama watoto wanavyolia kweli. Kwa dakika hizo nimeisamehe mengi, ingawa siirudii.

Capernaum ya Lebanon, 2018, kuna vipande vya mahakamani ambapo wahusika wanatangaza maana ya muvi kwa sauti, ningekuwa na mkasi ningevitoa vyote. Lakini yule mtoto Zain, aliyechezwa na mtoto mkimbizi wa kweli kutoka Syria, anavyohangaika na mtoto mchanga asiye wake, anamkokota mjini kwa ubao wa magurudumu uliofungwa masufuria, anatukana, anafanya biashara, anakataa kuonewa! Mtoto huyo ana kiburi kuliko watu wazima wote waliomzunguka na kimeiokoa kazi nzima.

Siku ukitaka kufurahi tu, RRR ya India, 2022, masaa matatu, na tafadhali msiite Bollywood, hizo ni za lugha ya Kihindi, hii ni ya Kitelugu. Jamaa anashusha lori la wanyama wakali kwenye sherehe ya gavana wa Kiingereza, chui milia, chui, wote wanaruka pamoja naye. Hakuna uhalisia hata chembe ila urafiki wa mashujaa wawili wa humo umeigizwa kwa moyo wote, na ule wimbo wa Naatu Naatu uliopata Oscar 2023 utaurudia. Wazungu wa humo ni vinyago tu, hilo naliona kasoro, ila siku hiyo hutajali sana.

Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, 1953, nimeiweka mwisho kwa makusudi kwa sababu ya hilo tatizo lako la upolepole. Wazee wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao mjini, watoto wako bize, mmoja mwenye saluni anamwambia mteja hao ni watu tu tunaofahamiana wa kijijini. Mama akifa huyo huyo anaulizia nguo za marehemu mapema kabisa. Na bado Ozu hamfanyi kuwa shetani, analia msibani na machozi ni ya kweli. Usiitazame usiku umechoka na usiitazame kwenye simu ukichati. Tafuta siku una nafasi, isikose sauti ya Kijapani, maandishi ya chini yawepo, na kama wazazi wako hai watazame nayo au usiwaalike kabisa, hilo pima mwenyewe, maana baba yangu aliondoka katikati akasema ameshaelewa inapokwenda, halafu kesho yake akaniomba nimwekee palepale alipoishia.