Mada za mafunzo ya wahadhiri: anzia wanapokwama wanafunzi wao

Ndugu, nimekuelewa: umekabidhiwa mafunzo ya wahadhiri chuoni, una vikao vitatu tu muhula huu, na safari iliyopita watu walitoroka mapema. Niliwahi kubana mada kumi katika siku moja, na hakuna iliyoshika. Sasa kabla ya kupanga chochote nawauliza wahadhiri: wanafunzi wenu wanakwama wapi?

Kikao cha kwanza ningekipa ufundishaji shirikishi, yaani wanafunzi wafanye na kujadili badala ya kusikiliza tu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta kwamba waliofundishwa kwa mihadhara ya kawaida walielekea kufeli mara 1.5 zaidi ya waliofundishwa kwa njia shirikishi. Usilieleze hilo kwa slaidi, wafanyishe. Tumia njia ya Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard: uliza swali la kuchagua jibu, kila mmoja ajibu peke yake, ajadiliane na jirani, kisha ajibu tena. Asiondoke mtu bila swali la kwenda kulijaribu darasani wiki hiyo.

Cha pili, utungaji wa mitihani na vigezo vya kusahihisha. Cha tatu wasimulie walichojaribu na kilichogoma. Hapa ndipo pana utamu wenyewe.

Wahadhiri wakitembeleana madarasani kutazamana wakifundisha, maoni yao yasiingie kamwe kwenye faili la kupandishwa cheo, la sivyo watafundisha kwa kuigiza. Na ukimwona mwenzako hapati usingizi wala hana tena hamu ya kazi, warsha haitamtibu. Mwelekeze kwa mshauri nasaha au daktari.