Rafiki amepewa rufaa ya Dar: maswali yenu kuhusu michango ya matibabu

Ujumbe mwingi ulioingia safari hii, kutoka Mbeya hadi Iringa, unahusu jambo moja: mtu wa karibu anaumwa, familia imeelemewa, na marafiki wanataka kusaidia lakini hawajui washike wapi. Nimechagua michache.

Dada, shikamoo. Mtoto wa rafiki yetu, miaka minne, amekutwa na tatizo la moyo na amepewa rufaa kwenda Dar. Sisi ni wenzake wa VICOBA, tunataka kuchangisha haraka. Tuanzie wapi? (Uyole)

Marahaba, mdogo wangu. Anzeni nyumbani kwa huyo rafiki, simu baadaye. Waende wawili mnaowaamini, wakae na wazazi wa mtoto na kuwauliza: mnataka tuchangishe? Ugonjwa utajwe au usitajwe? Kuna ndugu anayepaswa kuambiwa kwanza? Nimeona familia ikigawanyika kwa sababu bibi wa mgonjwa alipata habari kwenye kundi la kanisa kabla hajaambiwa na mwanawe.

Msitangaze kiasi kabla ya kupata makadirio. Sera ya afya inawapa msamaha wa matibabu katika hospitali za umma watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kwa hiyo mama aingie ofisi ya ustawi wa jamii pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda kabla hajapanda basi. Aulize msamaha unagusa nini na nini kitabaki kwake huko aendako, kisha aondoke na barua ya rufaa na majibu ya vipimo mkononi. Akifika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, aulize tena. Kuna wazazi wanaouza shamba kabla ya kuuliza swali hilo, na inaniuma sana.

Halafu hesabuni yale ambayo hayamo kwenye ankara. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mama atalala wapi akisubiri tarehe ya upasuaji? Atakula nini? Kuna daladala, vocha, dawa ambayo haikupatikana dirishani ikabidi inunuliwe nje. Na huku Uyole je? Kama anauza viazi sokoni, kila siku anayokaa Dar meza yake haina mtu, na watoto aliowaacha wanahitaji unga na mtu wa kuwaamsha waende shule. Andikeni vitu hivyo kimoja kimoja kwenye ombi lenu. Mtu akisoma "nauli ya mama na mtoto, chakula cha mwezi mmoja, akiba ya dawa" anaona shilingi yake inakwenda wapi. Akisoma "tumsaidie mwenzetu" tu, anasema ngoja mwisho wa mwezi.

Kamwene dada. Kundi letu linataka kuweka picha ya mgonjwa akiwa kitandani na mipira puani, wanasema bila picha watu hawachangi. Mimi roho inasita. (Mafinga)

Kamwene sana. Roho yako inasita kwa haki. Mgonjwa akipona atarudi Mafinga hiyohiyo, atapanga foleni dukani na watu waliomwona akiwa nusu uchi. Kama ana fahamu, aulizwe yeye mwenyewe, na akikataa basi. Kama hana, waulizwe wa nyumbani kwake, na hata wakikubali tumieni picha yake ya siku nzuri, akiwa amevaa vizuri. Msipige picha faili lenye jina, namba na majibu ya vipimo mkalisambaza. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Watu huchanga wanapomwamini anayeomba. Mtu mmoja anayeheshimika akiandika kwa jina lake, "nimefika hospitali, nimemwona, hali ni hii", anatosha.

Pesa akae nazo nani? Michango iliyopita ilileta maneno. (Tukuyu)

Namba iwe ya mtu mmoja ambaye jina lake likitokea kwenye simu kila mtu analijua, na wawili wengine wawe wanaona salio. Kikundi chenye M-Koba, ile huduma ya simu ya kuweka fedha za kikundi, kiitumie, maana humo mtu mmoja hawezi kuchota bila wenzake kuidhinisha. Orodha itumwe kila jioni, jina na kiasi; asiyetaka jina lake aandikwe "mpendwa". Deni la hospitali ya umma lilipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo iliyotolewa na hospitali, na risiti ibaki kwa familia. Waambieni wachangiaji pia wapige simu kabla ya kutuma, kwa sababu matapeli huchukua tangazo la kweli na kubadilisha namba tu.

Sina hela kabisa, mpunga bado uko shambani. Naona aibu kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. (Mbarali)

Nenda, mama. Uliza kama mgonjwa anahitaji kuongezewa damu. Mwenye afya njema, umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Chukua watoto wao walale kwako. Chota maji, palilia robo ekari yao. Anayelinda mgonjwa wodini anahitaji pia mtu wa kumpokea usiku mmoja alale, na hilo fedha hainunui kirahisi.

Tulichangisha, mgonjwa akafariki kabla fedha haijaisha. Wengine wanataka warudishiwe. (Mbalizi)

Poleni sana. Tangazeni kiasi kilichobaki siku hiyohiyo, kabla minong'ono haijaanza, kisha iulizeni familia. Mara nyingi kuna deni la wodi, na kusafirisha mwili kutoka Dar hadi huku ni gharama kubwa. Mimi nasema fedha iende huko, na kikibaki kitu kiende kwa watoto, madaftari na sare. Lakini aliyetoa kwa ajili ya upasuaji akidai chake, mrudishieni kimyakimya. Msimseme.

Sisi ndio tuliochangiwa. Mume wangu ametoka hospitali. Tutarudishaje fadhila? (Iringa mjini)

Mungu ashukuriwe. Hamdaiwi. Mnachoweza kuwapa ni habari: mwombe aliyekusanya atume ujumbe mmoja wa shukrani, aseme mmetoka, fedha imetumikaje na imebaki kiasi gani. Usiwafiche kama bado hali ni ngumu. Na kama mume wako ana tarehe ya kurudi kliniki, itaje sasa hivi, maana nauli ya safari hiyo ya pili ndiyo watu huisahau.