Kabla hamjamwita mzito: maswali yenu kuhusu shule na afya

Nafundisha darasa la tatu. Yupo mtoto nikimuuliza hiki anajibu kile, na kwenye kuandika anamchungulia jirani. Wenzangu wanasema ni mzito, arudie darasa.

Mwalimu, subiri kwanza. Simama nyuma yake hatua mbili tatu, asiuone mdomo wako, utaje kwa sauti ya chini maneno anayoyajua, naye ayarudie. Akikwama, muulize mzazi kama sikio huwa linatoa usaha. Kwenye vyumba vilivyojaa watu, moshi na mafua yasiyoisha, usaha wa sikio umezoeleka hadi hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Ukidumu siku 14 au zaidi umeshakuwa sugu, na usikivu hupungua. Apelekwe kituo cha afya. Nyumbani asitiwe mafuta wala chochote sikioni, na maji yasiingie.

Darasani mkalishe mbele, sikio lenye nafuu likuelekee, wala usizungumze huku umegeukia ubao, maana huenda anakusoma midomo. Akirudia darasa kwenye dawati lile lile la nyuma, atakuwa amepewa mwaka mwingine wa kutosikia.

Binti yangu ana kifafa. Shule imesema akae nyumbani mpaka apone, eti povu lake litaambukiza wenzake.

Mama, kifafa hakiambukizi, si kwa povu si kwa kugusana. Wengi wakinywa dawa kila siku bila kuruka hawaanguki tena, au huanguka kwa nadra. Kumwambia "mpaka apone" ni kumfukuza kwa lugha ya upole. Nenda na kadi ya kliniki, uwaeleze walimu la kufanya: wamlaze ubavu, waweke kitu laini chini ya kichwa, wasimkandamize, wasimtie kijiko wala kidole mdomoni, na watazame saa. Degedege likipita dakika 5, apelekwe hospitali.

Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu. Uongozi unasema choo chake kitajengwa fedha zikipatikana.

Muulize mwanao anakunywa maji saa ngapi. Watoto wengi wa hali yake hujinyima maji tangu asubuhi ili wasihitaji choo, jioni kichwa kinauma na mkojo unachoma. Hiyo ndiyo hoja ya kupeleka kwenye kamati ya shule, pamoja na kifungu cha 24 cha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kinachodai marekebisho yanayofaa kwa mwanafunzi. Kwa kuanzia, mlango mmoja upanuliwe, uwekwe mshikio ukutani, na mteremko wa kuingilia usiwe mkali: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu.

Mjukuu wangu hana minyoo. Kwa nini shule inampa dawa?

Bibi, minyoo michache haionekani kwa macho wala haiumizi tumbo, na kumpima kila mtoto ni ghali kuliko kidonge chenyewe. Mpe ruhusa. Akiwa na homa siku hiyo, mwambie mwalimu asubuhi.