Mfupa Umeunga, Je, Mshipa wa Fahamu?

Mtu akivunjika mkono au mguu, ndugu na majirani wanaokuja kumpa pole huuliza juu ya mfupa: umekaa sawa, umefungwa hogo (plasta ngumu ya kuushikilia), utaunga lini. Ni nadra kumsikia anayeuliza kama mgonjwa anaweza kunyanyua kiganja chake au kuinua vidole vya mguu, ilhali kinachoweza kumwacha na ulemavu wa miaka si mfupa, bali ni mshipa wa fahamu uliovutwa, uliopondwa au uliokatwa siku ileile ya ajali. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba swali la mshipa liulizwe mapema, tena liulizwe hata kama hakuna mhudumu aliyelitaja.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya. Mfupa wa juu wa mkono wangu wa kulia ulivunjika katikati, bodaboda niliyopanda ilipoteleza kwenye lami iliyolowa katika barabara ya kwenda Tukuyu. Nyuma ya mfupa huo hupita mshipa uitwao radiali, ukiwa umeulalia mfupa kabisa, na kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaovunjika sehemu hiyo mshipa nao huumia. Katika kituo nilichopelekwa kwanza nilipigwa picha, nikafungwa na kupewa dawa za maumivu; kuhusu kiganja kilichokuwa kinaning'inia niliambiwa kwamba ni uvimbe, utapungua. Ni baadaye, kwenye kliniki ya mifupa, ambapo kijana wa mazoezi tiba aliniambia, "Dada, hebu nyanyua kiganja kama trafiki anayesimamisha gari." Vidole vilikunjika vizuri, lakini kiganja hakikunyanyuka hata kidogo. Nilipomwuliza kama hali ile itakwisha, alinijibu kwamba kwa mvunjiko wa aina yangu wengi hupona bila kupasuliwa, ila ni lazima hali ya siku ile iandikwe kwenye faili, ili mwezi unaofuata ijulikane kama kuna kinachosogea.

Jibu lile lina uzito kuliko linavyosikika. Pasipo kumbukumbu ya siku za mwanzo, daktari hawezi kujua kama mshipa uliumia kwenye ajali, wakati wa kuunyoosha mfupa, au baada ya hogo kubana. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa wako hospitali, omba apimwe kabla na baada ya kufungwa. Vipimo vyenyewe havihitaji mashine: anyanyue kiganja na kidole gumba, atanue vidole vyote, agusanishe ncha ya kidole gumba na ile ya kidole kidogo, na kwa mguu, avute unyayo na kidole kikubwa kuelekea usoni. Kisha aguswe taratibu akiwa amefumba macho, aseme kama anahisi. Na iwapo baada ya kufungwa hogo maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinakufa ganzi au vinabadilika rangi, msingoje kupambazuke. Rudini usiku huohuo.

Mshipa wa fahamu uliokatika nyuzi zake huota upya polepole mno, wastani wa milimita moja kwa siku, maana yake sentimita kumi huchukua zaidi ya miezi mitatu. Wakati huohuo misuli isiyopata taarifa kutoka kwenye mshipa hukonda, na ikikaa hivyo kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mara nyingi haiwezi tena kuitikia hata mshipa ukifika. Ndiyo sababu majeraha ya mishipa ya shingoni na begani, ambayo vijana wa bodaboda huyapata wanapoangukia bega na shingo kuvutwa upande wa pili, yanatakiwa kumfikia bingwa ndani ya miezi mitatu hadi sita kama mkono hauonyeshi dalili ya kurudi. Jeraha la panga au msumeno lina haraka zaidi, kwa kuwa mshipa uliokatwa kwa makali huungwa vizuri zaidi katika siku za mwanzo. Mtu akishonwa ngozi tu huku kidole hakihisi wala hakikunjiki, jeraha hilo halijatibiwa. Nalisema hili hasa kwa wanaofanya kazi ya mbao kule Mafinga na Njombe.

Kipindi cha kungoja ndicho kinachowashinda wengi, maana hakuna kinachoonekana kubadilika. Mimi nilitengenezewa kishikio cha plastiki chenye mikanda, kinachokishikilia kiganja kikiwa kimeinuka kidogo. Nilichogundua siku ya kwanza kilinishangaza: nguvu ya kushika, ambayo nilidhani imekwisha, ilikuwapo, ilikosekana tu kwa sababu kiganja kilichoanguka hakiviruhusu vidole kukaza. Kiganja kilipoegemezwa niliweza kuongoza kitambaa chini ya sindano ya cherehani, polepole, mshono mmoja mnyoofu baada ya mwingine. Mara kadhaa kwa siku nilikivua na kuunyoosha mkono kwa kutumia ule usioumia, kila kiungo hadi mwisho wake, kwa sababu kiungo kikikakamaa, mshipa utakaporudi hautakuta cha kusogeza.

Ngozi iliyokufa ganzi inahitaji macho badala ya hisia. Kwangu ganzi ilikuwa mgongoni mwa kiganja, upande wa kidole gumba, pale hasa panapopita karibu na pasi ya mkaa. Nilijifunza kupima joto kwa mkono wa kushoto na kuukagua wa kulia kila jioni. Kwa wenye ganzi ya nyayo hatari ni kubwa zaidi huku kwetu nyanda za juu, ambako mwezi wa sita na wa saba watu huketi na miguu karibu na jiko la mkaa au mafiga. Mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua, na kidonda chake huchukua muda mrefu kupona. Wenye kisukari na waliowahi kuugua ukoma wanalifahamu hili vizuri. Kutafuta joto kunaeleweka, kwa sababu baridi huongeza maumivu ya kiungo chenye mshipa ulioumia, lakini joto la soksi za sufu, glavu na blanketi ni salama kuliko la moto.

Maumivu ya mshipa huwaka, huchoma kama pini, na dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hayazisikii. Mweleze daktari hivyo waziwazi, kwa sababu zipo dawa za aina nyingine, kama amitriptilini na gabapentini, anazoweza kukuandikia. Vidonge vya vitamini haviungi mshipa uliokatika. Kuhusu kuchuliwa kwa nguvu na kuchanjwa chale, ninawaheshimu wazee wetu, ila kiungo chenye ganzi kisichuliwe kwa maji ya moto wala kichanjwe.

Mishipa mingine huumia pasipo ajali. Sindano ya takoni ikichomwa mahali pasipo sahihi yaweza kuupata mshipa mkubwa wa mguu, kwa hiyo mahali pake ni robo ya juu kwa upande wa nje, na kwa mtoto mchanga ni paja kwa mbele upande wa nje. Maumivu yakishuka ghafla hadi mguuni, mwambie mhudumu aache kuchoma palepale. Kuchuchumaa kwa saa nyingi ukipalilia karoti kwaweza kuubana mshipa unaopita juujuu chini ya goti, upande wa nje, na kuufanya mguu uburute. Magongo ya kutembelea nayo yasiegemewe kwa kwapa. Uzito ukae viganjani.

Kwangu kiganja kilianza kunyanyuka, vidole vikafuata, kidole gumba kikawa cha mwisho. Kwa ambaye muda umempita, mlango haujafungwa: daktari anaweza kuihamisha kano ya msuli mzima ifanye kazi ya ule uliopooza, na upasuaji huo huwafaa sana wenye kiganja kilichoanguka. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya; wakiona inafaa, watakupa rufaa ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili au hospitali ya KCMC, Moshi. Na kama unakwenda kupimwa kishikio cha mguu unaoburuta, beba kiatu cha kufunga kamba kilichozidi namba yako kidogo, kwa sababu kishikio hukaa ndani ya kiatu na kwenye kandambili hakifanyi kazi.