Maswali yenu: mtoto anapotoka nasari kuingia Gredi ya 1

Muhula wa tatu ndio wakati wa barua za aina hii. Safari hii tumechagua tano, na mbili kati yake zimetoka kwa walimu wenyewe.

SWALI: Asalaam aleikum. Mwanangu yuko PP2, mwaka wa mwisho wa nasari, hapa Kisauni, Mombasa. Shule ya kibinafsi tunayoitaka Januari imesema ana intavyu: asome aya ya mistari mitano na aandike namba 1 mpaka 100. Kwa ajili hiyo mwalimu wake wa nasari anampa kurasa tatu za kazi kila jioni. Sasa mtoto akiuona mkoba tu, machozi. Nimsukume au nimwache? (Mama wa Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kwa shule za umma jambo hili limeshaamuliwa: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtihani wa kumchuja mtoto anapoandikishwa, isipokuwa tathmini ya kujua awekwe wapi. Shule za kibinafsi hujifanyia zao. Lakini kama zinafuata mtaala wa umilisi, CBC, mtaala huo haumtaki mtoto wa PP2 asome aya. Kusoma aya ni kazi ya Gredi ya 1, na shule inayoitaka mlangoni inataka kuletewa mtoto ambaye kazi yake imeshafanywa na mwingine.

Ziache kurasa tatu. Mwaga vizibo 12 vya soda juu ya mkeka, umwambie, "Nipe saba." Anayejua hesabu atakupa saba akome hapo. Anayejua wimbo wa namba tu atakusombea vyote, au kidole kitakimbia mbele na mdomo ufuate nyuma. Huyu wa pili anaweza kukuandikia 1 mpaka 100 bila kosa hata moja, na bado Gredi ya 1 akakwama kwenye 7 + 5. Dakika kumi za vizibo kila jioni, mkichezea namba zisizozidi 10, zinamfaa kuliko daftari zima la kunakili. Akizizoea hizo, pangeni vizibo kumi kwa safu na vitatu pembeni, aseme "kumi na tatu". Kiswahili kimemrahisishia hapo, maana jina lenyewe linamwambia kuna kumi na kuna tatu. Kwa Kiingereza namba 11 na 12 hazimwambii lolote. (Kwetu utata unaanzia ishirini, neno lisilotaja makumi mawili popote.)

La pili, sikiliza anavyotaja herufi. Akifundishwa kwa majina ya Kiingereza, b ni "bi" na a ni "ei", akiziunga anapata "biei", na hakuna kitu kiitwacho biei. Mfundishe sauti: midomo ifungwe, ifunguke kwa a, itoke "ba". Mwombe mwalimu wake afanye hivyohivyo ili mtoto asivutwe huku na huku.

SWALI: Mjukuu wangu amemaliza PP2, ametimiza miaka sita, ila ni mdogo wa umbo na mpole. Mwalimu ataka arudie mwaka. (Nyanya, Mikindani)

JIBU: Shikamoo nyanya. Zamani mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, na asipolifikia alirudishwa nyumbani. Umbo halikuwa kipimo wakati ule wala leo. Umri wa Gredi ya 1 ni miaka sita, na sheria tuliyoitaja juu haikubali mwanafunzi kurudishwa darasa. Mwulize mwalimu ni kitu gani hasa mtoto hawezi, akitaje. Akisema "hawezi kufunga vifungo wala kwenda msalani peke yake", hayo mtayamaliza nyumbani likizo ya Novemba na Desemba. Akisema "ni mpole", hiyo si sababu.

SWALI: Nafundisha Gredi ya 1 Likoni. Januari napokea watoto 58 kutoka nasari tofauti, na wengine hawakupita nasari kabisa. Wiki ya pili nimeshaanza kitabu, wiki ya nne nagundua nusu hawako nami. Nakosea wapi? (Mwalimu)

JIBU: Kosa, mwalimu, ni kuanza kitabu kabla ya kujua nani anajua nini, na darasa la watu 58 linajua kuficha. Likiitikia kwa pamoja "ma, me, mi, mo, mu" huwagundui ishirini waliofungua mdomo bila sauti. Kwa hiyo mpime kila mtoto peke yake. Watoto watano kwa siku, dakika tano kila mmoja, wakati wenzao wanachora au wanafinyanga. Kwa 58 ni siku 12 za shule, na wiki ya tatu haitaisha kabla hujawamaliza.

Mambo manne yanatosha: aandike jina lake, akupe vizibo 7 kutoka rundo la 12, ataje sauti za herufi nane utakazomwonyesha bila kufuata mpangilio wa alfabeti, kwa sababu ukifuata mpangilio atakuimbia, na akueleze picha moja kwa sentensi zake mwenyewe. Andika ulichokiona, usiandike alama. Kisha wagawe makundi matatu, uyape majina ya samaki, changu, tafi na kolekole, na uwabadilishe kila baada ya wiki tatu. Mtoto akishajua kwamba kundi lake ndilo la wazito, limemganda.

Hizo wiki tatu za kwanza darasa lifanane na nasari walikotoka. Kipindi ni dakika 30, lakini usiwaweke kitako zote. Dakika 10 hadi 12 za kusikiliza, kisha wasimame, waimbe, wahamie mkekani, ndipo warudi kuandika. Januari ni kaskazi tupu, joto limeshika, na mtoto wa miaka sita aliyezoea kurudi nyumbani adhuhuri huishiwa nguvu mapema. Kusoma kuwe asubuhi, michezo na ubunifu baadaye, na chupa ya maji iwe karibu. Msalani wapeleke wewe mwenyewe, dakika kumi kabla ya mapumziko. Wengi wanaojikojolea wiki ya kwanza wanajua choo kiliko. Wanawaogopa wale wakubwa wa Gredi ya 5 wanaojazana mlangoni.

Sasa ubao, maana hapa ndipo wengi hupotea bila mwalimu kushtuka. Nasari mtoto alinakili kutoka karatasi iliyokuwa chini ya pua yake. Gredi ya 1 anainua kichwa, anaona herufi moja, anainama, anaiandika, anainua tena na mstari umempotea. Sentensi moja inamla dakika kumi, na wewe unadhani ni mvivu. Kata vipande vya manila, andika sentensi ya siku kwa herufi kubwa, weka kipande kimoja kati ya kila watoto wawili. Fanya hivyo mpaka katikati ya muhula, ndipo uwahamishie ubaoni kidogokidogo. Daftari la miraba nalo lina lake: mtoto wa PP2 huandika 8 kubwa kama yai, na mraba mmoja haumtoshi. Mpe miraba minne kwa tarakimu moja, miwili juu na miwili chini, kwa mwezi mmoja.

Kwenye kusoma, konsonanti mbili kwa wiki, si zaidi. Kwa m na irabu tano peke yake ameshapata mama, mimi, mume, ama, uma. Ongeza k, ana kuku, kaka, kima. Herufi b na d zisikutane wiki moja, maana mtoto akigeuza b katika "baba" anapata "dada", neno zima lenye maana, na hatajua amekosea. Fundisha b, ikae wiki tatu, ndipo ulete d. Zile za ng', ny, dh na gh zije mwisho.

Jambo la mwisho kwa darasa la Mombasa: mtoto akiona "macho" akasoma "mato", au "mchele" akasoma "mtele", usimwambie hajui kusoma. Ameelewa neno, akalisema kwa Kimvita cha nyumbani kwao. Mwambie, "Ndiyo, mato. Hapa kitabuni imeandikwa ch, tulisome kama lilivyoandikwa." Ukimkemea atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza humwezi kumfundisha kusoma.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa PP2 Changamwe. Watoto wangu wanakwenda shule ya msingi iliyo ua mmoja na sisi, lakini hakuna anayeniuliza lolote kuwahusu. Niandike nini, na nimpe nani? (Mwalimu wa chekechea)

JIBU: Chanzo unakijua. Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea, ikaiachia serikali kuu shule ya msingi. Wewe mwajiri wako ni kaunti, wa Gredi ya 1 yuko TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu, na hata chai ya saa nne kila mmoja hunywea kwake. Hakuna barua inayokukataza kuvuka ua huo. Mwone mwalimu mkuu Septemba, uombe mambo mawili.

Kwanza, ziara tatu. Ya kwanza nusu saa tu: watoto waone darasa, bomba na choo. Ya pili wakae kipindi kimoja, kila mmoja kando ya mwenyeji wa Gredi ya 1. Ya tatu mwalimu wa Gredi ya 1 aje kwako awasomee hadithi, wamwone akiwa mgeni wao.

Pili, kadi ya ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Jina la cheti cha kuzaliwa na lile analoitikia nyumbani, maana kuna watoto watakaokaa kimya kwenye rejista wiki nzima kwa kuwa hawajawahi kuitwa hivyo. Lugha ya kwao, iwe Kiswahili, Kidigo, Kigiriama au nyingine. Mkono anaoandikia. Anaona na kusikia vipi. Anahesabu vitu vingapi kwa kugusa, anajua sauti zipi. Nani humchukua. Nini humtuliza akilia. Usiandike "mtundu" wala "mzito". Andika "husikiliza hadithi dakika 8, kisha huinuka". Kwa neno la kwanza mwalimu mpya atamwekea mtoto kisirani kabla hajamwona. Kwa sentensi ya pili atapanga kipindi. Nakala moja ipeleke shuleni, ya pili mpe mzazi, kwa kuwa wengine watahamia Jomvu au Nyali na kadi ya shule haitawafuata.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita aandika herufi nyuma mbele, na mara nyingine aanza mstari kulia. Mwalimu asema ni kwa sababu ya chuo cha Kurani, nimtoe kwanza. Nifanyeje? (Baba, Majengo)

JIBU: Usimtoe, bwana. Kugeuza herufi mpaka karibu miaka saba ni jambo la kawaida, hata kwa watoto ambao hawajawahi kushika juzuu. Kuanza kulia ndiko kunakoweza kutoka chuoni, na dawa yake ni nyepesi. Daftari la shule lipe jalada la rangi moja, la chuo rangi nyingine. Kwenye la shule tia nukta ya kijani ukingoni kushoto kwa kila mstari, kalamu ianzie hapo. Baada ya wiki nne tia nukta ya mstari wa kwanza pekee. Kwa b aanze na fimbo ndipo tumbo, kwa d aanze na tumbo kama anaandika a, kisha fimbo. Mkono ukizoea njia mbili tofauti, jicho litafuata.

Cha kuangalia zaidi ni usingizi. Umri wa miaka sita unahitaji saa 9 hadi 12. Akiamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi saa mbili na nusu usiku awe ameshalala, na hizo ni saa tisa tu. Akitoka chuoni jioni, kazi ya shule isizidi robo saa. Ikiwa Gredi ya 2 inaisha na bado anageuza herufi, na sauti zake pia hazishiki, mpeleke kwanza apimwe macho na masikio, kisha kituo cha tathmini ya elimu, EARC, mkiwa mmebeba madaftari yake ya mwaka mzima.